Karati ya Mwadui Si Karati ya Geita

Swali: Wamarekani huandika "carat" na "karat". Ni neno moja lenye tahajia mbili, au ni vitu viwili?

Jibu: Ni vitu viwili, na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania inavitenganisha vizuri, maana Mwadui mkoani Shinyanga hutoka almasi na Geita hutoka dhahabu. "Carat" ni uzito. Ni gramu 0.2 kamili, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1907. Almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947 kwenye mgodi wa John Williamson pale Mwadui, ambayo Elizabeth wa Uingereza alizawadiwa kwa harusi yake, ilikuwa na karati 54.5, yaani gramu 10.9. Ilipochongwa zikabaki karati 23.6, chini ya gramu 5. "Karat" haihusiki kabisa na uzito. Yenyewe hueleza usafi: kati ya sehemu 24, ngapi ni dhahabu. Pete ya karati 18 ina dhahabu robo tatu, iwe ya gramu 3 au ya gramu 30. Robo iliyobaki ni shaba, fedha au madini mengine yaliyochanganywa humo.

Swali: Lakini Waingereza wenyewe huandika zote kwa "c", na sisi tuna "karati" moja. Hii si tofauti ya watunga kamusi tu?

Jibu: Hoja hiyo haipuuziki, kwa kuwa asili kweli ni moja: Kiarabu "qirat", na nyuma yake Kigiriki, jina la mbegu ya mkharubu iliyotumika kwenye mizani za zamani. Hata hivyo, Mwingereza anayeandika "c" moja anaachia kitu chenyewe kimfafanulie, na njia hiyo hukwama pale vitu viwili vinapokutana. Pete moja inaweza kuwa na karati 18 na karati 0.5 kwa pamoja, ya kwanza ikiwa ya dhahabu na ya pili ya kito. Itazame pia kazi inayofanyika kwenye soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Dhahabu ya mchimbaji mdogo huyeyushwa, hupimwa kwenye mizani, kisha mashine ya mionzi husoma asilimia ya usafi. Kuyeyusha kunatangulia kwa sababu mionzi husoma tabaka la juu tu, na dhahabu isiyochanganyika vizuri inaweza kudanganya pande zote mbili. Kipande cha gramu 40 kikisoma asilimia 90, dhahabu halisi ni gramu 36. Anayejua zile 40 peke yake bado hajui anauza nini. Kwa hiyo hatuhitaji kuazima tahajia ya Marekani; tuandike "karati za uzito" na "karati za usafi", basi.

Swali: Vipi kuhusu "ore" na "concentrate"? Wengi waliita vyote mchanga.

Jibu: Hapa ndipo tofauti ileile ya uzito na usafi ilipogusa nchi nzima. "Ore" ni mwamba wenye madini kama ulivyochimbwa, na dhahabu yake huhesabiwa kwa gramu chache katika tani. "Concentrate" ni kile kinachobaki mwamba huo ukishasagwa, ukatiwa majini pamoja na kemikali, na mapovu yakapandisha juu chembe zenye shaba, fedha na dhahabu. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote ya upande wa Kahama, ilikuwa ikisafirisha kitu hicho cha pili, na mwaka 2017 kikapata jina zuri la Kiswahili: makinikia. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyoundwa kuyachunguza makinikia hayo, ilipotoa taarifa yake Mei mwaka huo, makontena yake yalikuwa 277, na hesabu hiyo haikuwa na mgogoro. Mgogoro ulikuwa gramu za dhahabu katika kila tani: kamati ilisema wastani ni 1,400, kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ikapinga na kushikilia takwimu iliyo chini mno ya hiyo. Neno "mchanga" linaifuta hoja yote hiyo. Mtu akisikia mchanga anauliza malori mangapi, ilhali swali lenye fedha ni kila tani ina nini ndani yake.

Swali: Na wakia, je? Bei ya dunia hutajwa kwa wakia.

Jibu: Jibu fupi: wakia, yaani "ounce", ya dhahabu ni gramu 31.1, na "ounce" ya unga au nyama ni gramu 28.35. Simu nyingi zikiulizwa wakia moja ni gramu ngapi hujibu 28.35. Mchimbaji wa Nyarugusu mkoani Geita akigawa bei ya dunia kwa namba hiyo, bei ya gramu itapanda kwa karibu asilimia 10 kwenye karatasi yake, na atamshuku mnunuzi aliyempa hesabu sahihi.