Ua la moto: lipande, lakini lisikaribie jiko



Kuna ua moja la pori ambalo watu wanapenda kulileta nyumbani. Jina lake la kitaalamu ni Gloriosa superba. Majina ya vijiji ni mengi, kwa hiyo hapa tutaliita ua la moto, juu petali zake nyekundu na manjano zinasimama kama ndimi za moto. Ni mmea wa kwetu Afrika. Haupandwi kila mwaka: wakati wa jua shina linakauka, kiazi kinalala chini ya udongo, na mvua ikirudi kinachipuka tena.

Lakini kiazi hicho kiko na sumu kali. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Kulitambua

Linapanda juu ya vichaka. Tazama ncha ya jani: imejikunja sawa mkia mdogo, na kwa mkia huo linashika fimbo. Ua lina petali sita zilizopinda nyuma. Kiazi ni chembamba, mara nyingi kina mikono miwili sawa herufi V.

2. Kupanda

- Usiende kung'oa ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo inalindwa tangu mwaka 1925. Omba kiazi kwa jirani, ao chukua mbegu. Mbegu inataka uvumilivu: ua linaweza kukawia miaka miwili ao mitatu.
- Panda mvua inapoanza, mwezi wa tatu ao wa nane.
- Chagua udongo usiotuama maji. Changanya na kompositi iliyooza vizuri.
- Laza kiazi kimoja kwa kimoja, kina cha sentimita 5 mpaka 10, na sentimita 30 kati yao. Chipukizi liko kwenye ncha ya mkono. Ncha ikivunjika, mkono huo hauoti tena.
- Simamisha fimbo ya metre moja na nusu mbele shina halijarefuka.

3. Kutunza

Funika udongo na majani makavu. Ondoa magugu kwa mkono, juu jembe linakata kiazi. Majani yakigeuka manjano, acha kumwagilia maji. Shina likikauka kabisa, kata, na uache kiazi kipumzike. Kila mara vaa sashe mikononi, kisha nawa kwa sabuni.

4. Hatari

Mmea wote una sumu inayoitwa kolkisini, zaidi kiazi na mbegu. Kupika hakuiondoi. Nchini Sri Lanka watu wamekufa kwa kudhani ni kiazi cha kula.

Kwetu hatari hiyo iko karibu. Familia nyingi za Beni zilikimbia mashamba yao. Anayerudi anakuta shamba limegeuka kichaka, na mwenye njaa anachimba kila kiazi anachokuta. Kwa hiyo:

- Usilipande kati ya viazi vitamu, viazi vikuu ao mboga. Lipe kitalu chake peke yake, ukizungushe mawe, na uonyeshe watoto na wageni wote.
- Viazi vyake visiingie jikoni hata siku moja, hata ndani ya kikapu tofauti.
- Mbuzi na ng'ombe wasifike hapo.
- Kama una watoto wadogo ambao wanatia kila kitu kinywani, ngoja wakomae kwanza. Ua halitakukimbia.

5. Mtu akila

Usingoje aanze kutapika. Dalili zinaweza kukawia masaa mengi, na mtoto anaonekana mzima kumbe sumu inafanya kazi. Mpeleke kituo cha afya palepale, beba na kipande cha mmea. Usipoteze wakati na dawa za nyumbani. Vituo vyetu havina dawa ya kuondoa sumu hii moja kwa moja, lakini muuguzi anaweza kutegemeza mwili, na anasaidia zaidi mgonjwa akifika mapema.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ndani ya kijiji chetu ua hili linaitwaje, na linaota wapi?
2. Nani kati yetu analo karibu na shamba la viazi? Tutamsaidia namna gani kulihamisha?
3. Watoto wetu wanalijua?

Tusilichukie ua letu. Tulijue, tulipe mahali pake, na chakula kibaki mahali pake.