Kagua Chuma cha Vita Kabla ya Kukiuza

Ukilima Salaita, Maktau au Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana kati ya 1914 na 1916, unaweza kufukua kichwa cha chuma chenye koleo upande mmoja, ncha ya sururu upande wa pili na tundu la mpini katikati. Hicho ni kifaa cha askari wa Uingereza cha kuchimbia mahandaki, cha muundo wa 1908. Tafuta mwaka na alama ya serikali yao: mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku. Usikwangue kutu, maandishi yatafutika. Usikiuze kwa wanunuzi wa skrapu. Arifu Makumbusho ya Taifa. Ukiona kinachofanana na bomu, usikiguse. Ondoka, umwite polisi au chifu.