Somo la Kiingereza: Maneno Yanayoandamana na "Right"

Leo tutazame neno "right", yaani haki. Neno hili haliendi peke yake. Hushikana na kitenzi, na hicho kitenzi ndicho cha kuangaliwa.

"Have the right" ni kuwa na haki. "Exercise a right" si mazoezi ya viungo, ni kuitumia haki yako. "Deny" ni kunyima, na "violate" ni kuvunja. Hayo si magumu.

Lakini chunga sana "waive a right" na "renounce a right". Maana yake ni kuiacha haki wewe mwenyewe, kwa hiari. Hapa Funyula mjane aweza kuletewa karatasi nyumbani, aambiwe, "Mama, weka kidole hapa tu, ni ya kuonyesha ulikuwako." Kumbe ndani mna "I renounce my right", naye ameshaachilia haki ya kusimamia mali ya marehemu! Na Sheria ya Urithi, Sura 160, kifungu cha 66, ndiyo inayomtanguliza mjane kupewa usimamizi huo ikiwa hapakuwa na wosia.

Kwa hivyo, ukiona mojawapo ya maneno hayo mawili, usitie sahihi wala kidole siku hiyo, hata kama aliyeleta ni shemeji. Mwambie aiache karatasi, kesho usomewe na mtu mwingine asiye na shamba hapo.

Zoezi: Andika kwa Kiswahili, "She did not waive her right."