SOMO: KULISHA AMPLI ILIYOZIMIKA



Paruasi nyingi zinanunua ampli, mikseri na vinanda vilivyokwisha kutumiwa Ulaya ao Marekani. Feza hizo zinatoka katika nsinsani, na ndani yake mumo sadaka ya mama muuza mihogo. Chombo kikizimika, tusiseme upesi: « Kimekufa, tununue kingine. » Pengine iliyokufa ni sehemu moja tu, ile inayopokea umeme wa prizi na kuugeuza kwa kipimo cha chombo. Mafundi wanaiita alimentasyo, maana yake ulishaji. Tujifunze kuibadilisha bila kupoteza mali ya Kanisa wala uzima wa mutu.

1. Tutafute ubaya ulipo. Tupime kwanza prizi kwa taa, kisha waya, kisha fuzibli. Fuzibli mupya iwe na namba ileile ya zamani. Ikikatika tena, ubaya ungali ndani; tuite fundi. Kuweka kipande cha waya pahali pa fuzibli ni kuita moto nyumbani. Tena, vyombo vya Marekani vilifanywa kwa volti 120, na kwetu ni 220. Nyuma ya vingine kuna kifungo cha 115 na 230: kiwe kwenye 230 mbele ya kuchomeka. Kisipokuwa na kifungo, inafaa transfo ya kushusha umeme.

2. Kila chombo na chakula chake. Mutume Paulo aliwalisha Wakorinto maziwa, kwa kuwa walikuwa hawajaweza chakula kigumu (1 Wakorinto 3:2). Vivyo hivyo chombo chenye alimentasyo ya inje. Tusome maandiko yaliyo juu yake, mambo manne yapatane:
a) Volti ziwe sawasawa.
b) Aina ya umeme iwe moja. Alama ya wimbi (~) ni umeme wa kwenda na kurudi. Mustari ulionyooka ni umeme kama wa batri.
c) Ampere za alimentasyo zilingane na za chombo ao zizidi. Chombo kinakamata zile kinazohitaji tu. Alimentasyo ndogo itaungua.
d) Plasi na minusi zikae pahali pao. Vinanda vingi vya zamani vya Casio vinataka volti 9, minusi katikati. Vingi vya Yamaha volti 12, plasi katikati. Kuingia kwa fishi si alama ya kupatana.

3. Alimentasyo ya ndani ni kazi ya fundi. Kondansateri kubwa zinaweza kushika umeme hata waya ikiisha kutolewa. Fundi azipime, azimwage kwa rezistansi. Mara ya kwanza awashe ampli kupitia ampuli ya wati 60 yenye uzi ndani. Ikiwaka sana kisha ikafifia, ni vizuri. Ikidumu kuwaka kwa nguvu, ubaya haujaisha.

4. Miguu yetu haina viatu. Katika hekalu tunavua viatu, tunasimama juu ya simenti. Umeme ukifika kwenye chuma cha ampli ao mikro, utapita katika mwimbaji mupaka chini. Waya ya tatu, yenye rangi ya majani na manjano, imewekwa kusudi ipeleke umeme huo udongoni. Wengine wanaikata kwa sababu prizi ina matundu mawili, ao kwa sababu bafle inanguruma. Tusikubali! Fundi wa umeme apande chuma udongoni, aweke na disjontere diferansyeli inayokata umeme upesi. Mbele ya hiyo kazi kwisha, tuzime ampli: fanfari na filimbi hazihitaji prizi, na Mungu anasikia bila mikro.

MAULIZO
1. Mambo gani manne yanapashwa kupatana?
2. Kwa nini tusiweke waya pahali pa fuzibli?
3. Katika paruasi yetu, waya ya tatu ingali nzima? Mashemasi waende kutazama mbele ya ibada ya Siku ya Mungu.