Salamu Kwanza, Linki Baadaye

Mwaka wa pili, boom lilipoingia, nililipia jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi kwa mwaka mzima. Wazo langu lilikuwa kwamba wanachuo wapate vyumba vya kupanga Changanyikeni, Makongo na Msewe bila kumlipa dalali. Nilizunguka kwa miguu, nikapiga picha vyumba 12, nikaiweka tovuti hewani, nikasubiri. Wiki nzima waliingia watu 9, na baadhi yao ni mimi mwenyewe kwa simu za rafiki zangu.

Basi nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Niliimwaga linki kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo: la darasa, la ukoo, la kwaya, la timu ya mpira. Siku moja, kwenye grupu la darasa, linki yangu ilitua chini kabisa ya ujumbe wa dada mmoja tunayesoma naye, aliyetutaarifu kwamba baba yake amefariki usiku ule. Watu wanaandika "pole sana", mimi natangaza vyumba! Admini alinitoa, na alikuwa na haki.

Nilimpigia yule dada kumwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, hata hukusoma."

Wanachuo wenzangu, somo lote la kutangaza tovuti limo ndani ya maneno hayo matatu.

Tuanze na jinsi mtandao unavyofanya kazi. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza mbinu yao iitwayo PageRank. Kwa ufupi, ukurasa mmoja ukiweka linki ya ukurasa mwingine, ni kama umeupigia kura. Na kura hazilingani: ya ukurasa unaoaminika ina uzito zaidi. Leo Google inaangalia mambo mengine mengi pia, lakini linki bado zina nafasi yake. Sasa jiulize, nani atampigia kura mtu asiyemjua? Anayeweka linki yako anakudhamini kwa jina lake. Ukiwaharibia wasomaji wake, anayeaibika ni yeye.

Baada ya aibu ile nilibadilisha mwendo. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, soma kabla ya kuandika. Wiki mbili nilikaa kwenye magrupu ya wanaotafuta vyumba bila kutaja tovuti yangu. Mtu akiuliza, namjibu: omba mkataba wa maandishi, dai risiti, uliza kama LUKU ni ya peke yako au mnachangia, usilipe kodi ya miezi sita kwa chumba ulichokiona kwenye picha tu. Polepole watu wakaanza kuniuliza wenyewe.

Pili, tangulia kutoa. Kuna mwanachuo anayeandika mapishi ya getoni, ya jiko moja na sufuria moja. Niliweka linki yake kwenye tovuti yangu kwa sababu kweli wapangaji wangu wanaihitaji, nikamjulisha, sikuomba kitu. Baada ya kama mwezi naye akaweka yangu. Asingeweka, nisingekuwa nimepoteza kitu.

Tatu, ukiomba, omba mtu mmoja, kwa jina lake, kwa sababu inayomhusu. Usiandike "naomba support wadau". Andika hivi: "Habari dada, nimesoma makala yako kuhusu maisha ya mwaka wa kwanza. Pale ulipoeleza shida ya vyumba, nina orodha ya vyumba nilivyovikagua mwenyewe. Ukiona itawafaa wasomaji wako, karibu uiweke. Usipoona hivyo, hakuna neno." Halafu mwache aamue. Usimkumbushe kila siku kama mdai.

Nne, usinunue linki. Kuna jamaa aliniahidi linki 500 kwa hela ndogo tu, na nilikaribia kumpa hela ya kula. Bahati nzuri nilisoma kwanza. Google inakataza linki za kununua zinazolenga kupandisha ukurasa kwenye matokeo, na mwaka 2012 ilileta badiliko lililoitwa Penguin, lililoshusha tovuti nyingi zilizobebwa na linki za namna hiyo. Kura ya kununua si urafiki.

Sijatajirika. Tovuti inapata wageni kama 40 kwa siku, na wengi huja kwa kuelekezwa na mtu wanayemwamini. Hela ya kulipia mwaka wa pili imetoka kwa wenye nyumba wenyewe.

Muhula uliofuata yule dada alinitumia ujumbe: "Kaka, kile chumba cha Msewe bado kipo?" Niliusoma mara mbili ndipo nikajibu. Nilianza kwa kumuuliza mama yake anaendeleaje.