FUNDISHO: TUWAONGOZE RAFIKI ZETU POLEPOLE

Namna ya kusaidia jirani kutunza udongo, maji na miti bila kumlemea

Masomo ya kusoma nyumbani mbele ya mkutano: Mwanzo 2:15, Mwanzo 33:12-14, Yohana 16:12.

Shabaha ya fundisho: Kila mwaminifu ajue namna ya kumvuta rafiki mmoja kwa desturi moja nzuri, na urafiki wao usivunjike.



Mwanzo 2:15 inatuonyesha kwamba mtu aliwekwa katika bustani kwa kazi mbili: kulima na kulinda. Kazi ya kwanza tunaijua sana. Kazi ya pili wengi wetu tumeiachia serikali na watu wa miradi. Lakini leo hatutakawia juu ya neno hilo, maana limefundishwa mara nyingi. Tunataka kuchungua neno gumu kuliko hilo: mtu aliyekwisha kufahamu, atamsaidia namna gani mwenzake asiyefahamu bado?

1. TUTAZAME KWETU WENYEWE

Sisi wa Bukavu hatuna lazima ya kutafuta mifano mbali. Mtu akitupa sashi katika mfereji wa avenyu yake, mvua inalichukua mpaka ziwani. Ziwa Kivu halina mlango mwingine wa kutokea ila mto Ruzizi. Basi masashi na machupa ya plastiki yanasukumwa polepole mpaka kwenye mlango huo, na pale karibu ndipo palipojengwa baraji ya Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanzoni mwa mwaka 2022 taka ziliharibu mtambo mmoja pale, na umeme ukapunguka. Kuko watu ambao kazi yao ni kuondoa taka juu ya maji, na wengine wanazama chini kuzitoa kwa mikono. Kumbe sashi la kubebea chumvi linaweza kurudi nyumbani kwetu kama giza.

Tutazame tena milima. Bustani ya taifa ya Kahuzi-Biega iliwekwa mwaka 1970. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika kati ya mali za dunia nzima, na mwaka 1997 ikaiandika kati ya zile zenye kuwa hatarini. Miti inakatwa, na sehemu kubwa inageuka makala ya kupikia mjini. Kwa namna tunavyochoma katika tanuru za udongo, kilo 1 ya makala inaweza kula kilo 5 hata 10 za kuni. Tena, mlima uliovuliwa miti haushiki udongo wake vizuri. Tunakumbuka tarehe 4 Mei 2023 kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mvua kubwa iliposhuka na mawe na matope, na watu zaidi ya 400 wakafa. Hatusemi kwamba mti peke yake ungeizuia mvua ile. Tunasema kwamba mlima wenye miti na majani unampa mtu nafasi zaidi kuliko mlima ulio uchi.

2. SABABU GANI RAFIKI HAKUBALI?

Mara nyingi tunazani kwamba asiyekubali ni mtu wa moyo mgumu. Sivyo. Tuone sababu tatu.

Ya kwanza ni feza. Mama anayenunua makala kwa kipimo kidogo kila siku analipa gali kuliko anayenunua gunia, na anajua hivyo. Hana feza ya gunia. Ukimwambia «Acha makala», atakuuliza apikie nini, na pengine nawe huna jibu.

Ya pili ni uchovu. Mtu aliyepanda mlima na bidoni ya maji tangu saa kumi na moja asubuhi hana nguvu ya kusikia mambo kumi mapya magaribi.

Ya tatu ni haya. Ukimfundisha mbele ya watu, anasikia kwamba nyumba yake imehukumiwa. Atajibu «Ndiyo, asante», na kesho yake atapita njia nyingine asikutane nawe. Hapo umepoteza vitu viwili: desturi njema haikuingia, na rafiki ametoka.

3. YAKOBO ALITEMBEA KWA MWENDO WA NANI?

Katika Mwanzo 33, Esau alitaka waende pamoja kwa mwendo wake, yeye na watu wake wenye nguvu. Yakobo hakukubali. Alikuwa na watoto wadogo na wanyama wenye kunyonyesha, akajua kwamba wakiharakishwa siku moja tu, kundi litakufa. Basi akachagua kwenda polepole, kwa kadiri ya nguvu za watoto na za wanyama.

Tuangalie vizuri: Yakobo hakusimama. Kwenda polepole si kulala njiani. Alikuwa na pahali pa kufika, ila alipima safari kwa miguu ya aliye zaifu. Vilevile Yohana 16:12 inaonyesha kwamba Bwana alikuwa na maneno mengi bado kwa wanafunzi wake, lakini aliyazuia kwa sababu hawakuweza kuyachukua wakati ule. Kama mwalimu mkubwa alijua kunyamaza, sisi ni nani tumwage yote kwa siku moja?

4. NGUVU YA SHERIA NA NGUVU YA URAFIKI

Wazee wetu wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970. Watu walitoka kusafisha kwa kuogopa mkubwa wa kartie. Mkubwa alipogeuka, mifereji ikajaa tena. Kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017 serikali yetu ilikataza mifuko ya plastiki, lakini sokoni masashi yangali. Ngambo ya Ruzizi, katika Rwanda, yalikatazwa mwaka 2008, na pale sheria ilishikwa kwa mkono wenye nguvu.

Sisi waaminifu hatuna askari wa mpaka wala hatutozi amende. Tunacho kitu kimoja tu: rafiki anatufungulia mlango tunapobisha. Basi tusiutumie mlango huo vibaya.

5. ANZA NA JAMBO MOJA LENYE FAIDA LEO

Kanuni ni hii: jambo moja, kwa mtu mmoja, na liwe lenye kumpa faida juma hili hili. Faida ya miaka ishirini itafuata nyuma.

a) Maharagi. Ziwa letu liko kwenye kimo cha metre 1,460 juu ya bahari. Pahali pa juu hivi, maji yanachemka karibu na digri 95, hayafiki 100. Ndiyo sababu maharagi yanakawia kuiva kwetu kuliko kule chini. Ukiloweka maharagi tangu jioni, ukamwaga maji yale, kiisha ukapika na kifuniko juu ya chungu, makala yanapunguka na mama anapumzika mapema. Hakuna kitu cha kununua.

b) Mbabula. Mbabula ya chuma tupu inatoa moto pembeni na kupasha upepo. Ile yenye udongo wa kuchomwa ndani inashika moto. Ikitengenezwa vizuri inaweza kuokoa sehemu moja ya tatu ya makala, hata nusu. Lakini bei yake ni kubwa kwa siku moja. Basi usimwambie rafiki anunue. Mwazime yako siku tatu. Au wamama watano waweke likelemba, kila juma mmoja anunue yake. Na aliye na mbabula ya zamani aikinge upepo, na akimaliza kupika afunike makala yaliyobaki kwa majivu, ayatumie kesho.

c) Sashi. Mpe rafiki kikapu, usimpe hotuba. Mkienda soko pamoja, beba vikapu viwili. Akiuliza, jibu kwa neno moja. Asipouliza, mpe abebe sambaza zake ndani, basi.

d) Mti. Mletee mche mmoja wa avoka, mpande pamoja pembeni ya parsele. Mti wa matunda hautaji kuhubiriwa sana. Watoto wenyewe wataulinda. Kama anataka mti wa kuni na mbao, mwonyeshe grevilea, ambayo inakaa vizuri na mimea ya shamba. Mikalitusi inakua upesi, lakini isipandwe karibu na chemchemi, kwa maana inakunywa maji mengi. Shamba likiwa kwenye mteremko, majani ya mifugo kama setaria yakipandwa kwa mistari yenye kukata mlima yatashika udongo, na mbuzi atakula.

Nyuma ya jambo la kwanza, ngoja. Desturi ikiwa imekuwa yake, yeye mwenyewe atauliza: «Yaya, kiisha hii tufanye nini?» Ulizo hilo likitoka kinywani mwake, wakati wa jambo la pili umefika.

6. NA KAMA RAFIKI ANAISHI KWA KUUZA MAKALA?

Hapa ndipo fundisho linakuwa zito, ndugu zetu. Kati yetu kuko wamama wanaosomesha watoto kwa gunia la makala. Kuko na vijana wanaoyachoma. Tukisimama kanisani na kusema kwamba mwenye kuuza makala ni adui wa nchi, tunamtupa nje mjane pamoja na watoto wake, na sisi wenyewe jioni tutapikia makala ya mwingine. Huo ni unafiki.

Mnunuzi na mchuuzi wako katika zambi moja, kama ni zambi. Na wako katika shida moja, maana umeme haufiki kwa kila nyumba. Kwa hiyo tuanze na mnunuzi, yaani sisi. Kila nyumba ikipunguza kidogo, mlima unapumua kidogo. Kwa mchuuzi, tutembee naye miezi, hata miaka. Pengine ataongeza biashara nyingine ndogo pembeni. Pengine atatafuta makala ya miti iliyopandwa. Katika Kivu ya Kaskazini, tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF ulisaidia wakulima kupanda miti yao wenyewe ya kuchoma, ili mti wa bustani ya taifa upone. Njia hiyo inaonyesha kwamba mtu anaweza kula leo bila kukata cha mtoto wake. Lakini usimwambie aache kazi yake kabla hujajua watoto wake watakula nini kesho.

7. MAMBO YA KUEPUKA

- Kuhesabu makosa ya rafiki: sashi, moshi, mfereji, yote mara moja.
- Kumsahihisha mbele ya watoto wake ao mbele ya wageni.
- Kumtisha kila siku kwa maporomoko na mafuriko. Mwenye kutishwa sana anakata tamaa, na mwenye kukata tamaa hapandi mti.
- Kujisifu. Parsele yako ikiwa safi, ataiona.
- Kumkasirikia akirudi nyuma. Siku ya kufiwa ao ya ugonjwa atanunua chakula katika sashi. Nenda umsaidie kulia, kikapu kitangoja.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Sababu gani Yakobo hakufuata mwendo wa Esau? Katika avenyu yetu, «watoto na wanyama» ni nani?
2. Katika sababu tatu za sehemu ya 2, ni ipi yenye nguvu kwa jirani yako?
3. Kuna tofauti gani kati ya kwenda polepole na kusimama?
4. Kanisa linaweza kumfanyia nini mama anayeishi kwa makala, mbele ya kumsemesha?

KAZI YA JUMA HILI

Chagua rafiki mmoja. Chagua jambo moja katika yale manne ya sehemu ya 5. Lakini kwanza lifanye katika nyumba yako siku saba, hata ujue ugumu wake. Siku ya nane nenda kumsalimia, ukae, ule chakula chake, uulize habari za watoto. Nafasi ikipatikana, sema neno moja. Isipopatikana, rudi kwa amani, na uende tena.

Mungu atupe uvumilivu na mwendo mzuri.