Tiki Moja Haina Maana Umesahauliwa

Leo tunaingia kwenye somo ambalo halimo kwenye silabasi, lakini linawanyima wengi usingizi. Pengine una mama, kaka au dada aliyekwenda kufanya kazi Oman, kusoma Uingereza au kuishi Marekani. Siku za mwanzo alipiga kila jioni. Sasa wiki nzima kimya. Ujumbe wako una tiki moja tu. Unaanza kujiuliza: Amenisahau? Anaumwa? Nimemuudhi? Chakula hakipiti, na daftari liko wazi mbele yako lakini huoni kilichoandikwa.

Wasiwasi wa namna hii ni suala la afya. Unakula usingizi, unaleta maumivu ya kichwa, unashusha maksi. Njia moja ya kuupunguza ni kujua mawasiliano yanavyofanya kazi. Ukielewa kinachokwama, utajua lini ni mtandao tu na lini kuna tatizo la kweli.

1. SOMA TIKI VIZURI

Kwenye WhatsApp, tiki moja ina maana ujumbe umetoka kwako lakini bado haujaingia kwenye simu ya ndugu yako. Huenda simu yake imezimwa, haina chaji au bando limekwisha. Tiki mbili za kijivu: umeingia. Tiki mbili za bluu: umefunguliwa. Lakini mtu anaweza kuizima hiyo bluu, kwa hiyo usipoiona, usiseme "amenidharau". Ni kweli pia kwamba mtu akikuzuia utaona tiki moja. Hiyo ni sababu moja tu kati ya nyingi, kwa nini uanze nayo?

2. KWA NINI SIMU INAKATIKA?

Kupigiana simu kwa intaneti ni kama watu wawili kutwanga kwenye kinu kimoja. Wote wawepo, kwa wakati mmoja, na mdundo usikatike. Ujumbe wa sauti ni kama kifurushi ulichompa kondakta wa basi: kitangoja mpaka mwenyewe aje kukichukua. Tazama sehemu tatu ambapo mambo hukwama.

Upande wetu: Ukiwa Migato au kijiji kingine cha Itilima, mnara ukiwa mbali simu inaweza kubaki na mtandao wa 2G. Huo unatosha kwa simu ya kawaida na SMS, lakini picha ya video haitapita. Na huenda simu yenyewe iko sentani, kwenye kibanda cha kuchajia.

Njiani: Intaneti ya Tanzania na nchi za nje hupita zaidi kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Wa SEACOM ulifika mwaka 2009 na wa EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilipata hitilafu, na mtandao ukasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku ile wangapi walinuna bure, wakidhani ndugu zao hawataki kujibu?

Upande wake: Katika Falme za Kiarabu, zikiwemo Dubai na Abu Dhabi, kwa miaka mingi simu za WhatsApp za sauti na za video zimekuwa zikizuiwa, ingawa ujumbe wa kuandika na wa sauti hupita. Kwa hiyo dada akikwambia "siwezi kupiga, tuma sauti", si lazima awe na la kuficha.

Basi fanya hivi: tumieni zaidi ujumbe wa sauti. Dakika moja ya sauti hula chini ya MB 1, wakati dakika moja ya video hula MB kadhaa. Tena bibi asiyejua kusoma anaweza kutoa salamu zake kwa Kisukuma chake chote, na mjukuu akazisikiliza usiku akimaliza kazi.

3. SAA YENU NI MOJA?

Ikiwa kwetu ni saa 3 usiku, Muscat na Dubai ni saa 4 usiku. London ni saa 12 jioni, au saa 1 jioni kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, kwa sababu wenzetu husogeza saa zao mbele. Minneapolis kule Marekani ni saa 6 mchana au saa 7 mchana, kutegemea majira.

Kuna mtego mwingine. Ndugu yako amezoea saa za Kizungu. Anaandika "nitapiga 8 usiku", wewe unakesha mpaka saa nane za usiku. Kumbe alimaanisha saa 2! Muandike hivi: "saa 2 usiku, saa ya Tanzania". Hapo hakuna ugomvi.

4. SIMU SI YAKO PEKE YAKO

Wanafunzi wengi hamruhusiwi kuwa na simu shuleni. Mnatumia ya mama, ya mjomba au ya jirani. Kumbuka, mwenye simu anaweza kusoma na kusikiliza kila kitu. Ukitaka kumweleza dada jambo la mwili wako au la uhusiano, usiliandike humo. Mwambie tu, "Nina jambo, nipangie siku tuongee", kisha omba simu na ukae pembeni.

Na matapeli je? Akija mtu na namba ngeni, "Ni mimi kaka yako, simu imeharibika, nitumie hela haraka", muulize swali ambalo ni kaka tu anayejua jibu lake. Jina la ng'ombe mliyemchunga pamoja linatosha! Akishindwa, usitume kitu. Mwambie mwenye simu aupeleke ujumbe huo kwenye namba 15040 ya kuripoti utapeli.

5. LINI UWE NA WASIWASI WA KWELI?

Hapa tusidanganyane. Kimya kingine si cha mtandao. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Ilieleza wanawake walionyang'anywa pasi zao za kusafiria, na waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku. Mtu wa namna hiyo hakusahau nyumbani. Hana nafasi.

Kwa hiyo, kabla ndugu hajasafiri, familia ikubaliane mambo manne:

- Siku moja ya wiki ya kutoa habari, hata neno moja, "mzima".
- Neno la siri lenye maana "nina shida", ambalo mwajiri hatalielewa.
- Nakala ya pasi na mkataba ibaki nyumbani.
- Jina na anwani ya mwajiri, na namba ya wakala aliyempeleka.

Siku ya ahadi ikipita, jaribuni SMS na simu ya kawaida, kisha ulizeni wenzake. Ikipita na ya pili, au neno la siri likitumwa, mtu mzima awasiliane na wakala na ubalozi wa Tanzania. Tuna balozi Muscat na Abu Dhabi. Hili si jukumu lako wewe peke yako ulibebe usiku kitandani.

Na kama moyo umekuwa mzito, hulali, huli, unalia peke yako, zungumza na mwalimu wa malezi au mtu mzima unayemwamini. Kama hujafikisha miaka 18 unaweza pia kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

JADILINI DARASANI

a) Kaka yuko London. Anataka kupiga saa 2 usiku ya kwake mwezi Januari. Kwenu itakuwa saa ngapi? Mtakuwa macho?

b) Tajeni sababu tano za tiki moja zisizohusu mtu kukuchukia.

c) Rafiki yako hajasikia sauti ya mama yake aliye Oman kwa wiki tatu, na anasema "mama hanipendi". Utamwambia nini, na mtakwenda pamoja kwa nani?